CHAKULA CHA MTOTO ATOKAPO SHULE
Mazungumzo kwa wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mtoto aliyekunywa chai ya mkandaa na kipande cha mkate kabla ya jua kupanda, na adhuhuri akala kidogo tu au asile kabisa, hufika kwao saa 10 ya alasiri akiwa na njaa isiyobembelezeka. Aghalabu hapewi hata nafasi ya kukaa. Mmoja huvua sare ya shule, akavaa kanzu au buibui, akaenda chuoni kusoma hata magharibi. Mwingine ana mtungi wa maji wa kufuata, ana ndugu mdogo wa kumtunza, na ana kazi ya mwalimu ambayo yampasa kuimaliza kabla ya giza. Na chakula cha usiku hakiinjikwi jikoni mpaka mama avuke feri kurudi Likoni, au baba apite Makupa kurudi Changamwe, jambo ambalo siku ya foleni laweza kufika saa 2 au 3 ya usiku. Basi kutoka chakula cha mchana hadi cha usiku hupita saa 7 au 8, na saa hizo ndizo mtoto atakiwazo kutumia akili yake na miguu yake.

Mtoto huyo afanyeje? Akiwa na sarafu ya shilingi 10 mfukoni, hapana haja ya kumwuliza. Mwenye njaa hana miiko. Nje ya lango la shule yako mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi, iko achari ya embe, ziko kachiri zenye pilipili, ziko barafu za rangi katika vikaratasi vya nailoni, na viko viazi karai vilivyotolewa sasa hivi katika mafuta. Isidhaniwe kwamba maneno haya yamekusudiwa kuwatukana wauzaji. Mama akaaye kando ya njia ya Kisauni akikaanga viazi karai anawasomesha wanawe kwa kazi hiyo, na wako wenye usafi kuliko jikoni nyingi za majumbani. Lakini mzazi hawezi kujua mafuta yale yamekaangiwa siku ngapi, wala barafu ile imetengenezwa kwa maji ya wapi; na Mombasa si mji usiokijua kipindupindu. Tena vitu vingi katika hivyo ni sukari, chumvi na rangi tu. Hujaza mdomo, havijazi mwili.

Soda ndiyo inayodanganya kupita vyote, kwa kuwa mtoto aliyeinywa huonekana amechangamka. Chupa moja ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari gramu 30 na zaidi, yaani kama vijiko 7 au 8 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa katika chakula isizidi sehemu 1 katika 10 ya nguvu yote ambayo mtu huipata kwa siku. Kwa mtoto wa shule ya msingi kiasi hicho ni kama gramu 40 hivi. Soda moja imekwisha kula karibu yote, na bado hajanywa chai ya jioni, ambayo katika nyumba nyingi za pwani hutiwa sukari pasipo huruma.

Wako wazee wasemao kwamba zamani watoto walikula mara mbili kwa siku, nao wakakua. Ni kweli kwamba walikua wale waliokua. Tumbo la mtoto ni dogo, wala haliwezi kupokea kwa mara moja chakula cha kumtosha siku nzima kama tumbo la mchukuzi wa bandarini. Hii ndiyo sababu ya kumpa kidogo kidogo, mara nyingi. Hesabu ya afya iliyofanywa Kenya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe na kuugua mara kwa mara. Mwaka 2014 walikuwa 26, basi nchi imesonga mbele. Lakini Kilifi, jirani ya Kisauni kabisa, walikuwa 37. Watoto hao wataingia shule, au wamekwisha kuingia, na hapana mwalimu awezaye kumsomesha vema mtoto ambaye tumbo lake linanguruma kuliko sauti ya darasa.

Sasa tuyaache maneno ya takwimu, tuingie jikoni. Madhumuni ya mazungumzo haya ni vyakula vyepesi vya alasiri ambavyo mtu wa kipato kidogo aweza kuvifanya nyumbani, kwa sufuria, karai na jiko la makaa, na kwa vitu vipatikanavyo Kongowea au katika kibanda cha mtaani.

Cha kwanza ni muhogo. Watu wengine huudharau, wakauita chakula cha shida. Nao hununua kwa bei ya juu viazi vilivyosafirishwa kutoka bara. Muhogo wenyewe ni mgeni aliyekuja kutoka Amerika ya Kusini kwa njia ya Wareno, lakini umekaa pwani muda mrefu hata umekuwa mwenyeji. Ni rahisi, unashibisha, na mtoto haukatai ukitiwa ndimu na chumvi na pilipili kidogo. Yafaa uchaguliwe muhogo mpya, uliovunjika kwa sauti, na ndani uwe mweupe. Ukionekana una mistari ya buluu au nyeusi, umeharibika, na muuzaji akisema ni damu yake tu asisadikiwe.

Lakini muhogo una sharti lake. Ndani yake mna sumu ya asili, nyingi katika ganda na katika ile mihogo michungu, chache katika mihogo mitamu ipandwayo kwa kuliwa hivi hivi. Kwa hiyo umenywe maganda yote mawili, lile la kahawia na lile jeupe la ndani, ukatwe vipande, uoshwe, uchemshwe katika maji mengi pasipo kufunikwa hata uive kabisa, na maji yale yamwagwe. Ukionjwa ukawa mchungu, usipewe mtoto. Muhogo wa namna hiyo hutaka kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa kabla ya kuliwa. Tena watoto wakatazwe ile desturi ya kutafuna muhogo mbichi njiani. Jambo hili si la kutishiana. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula kaskazini ya Msumbiji, ukame uliharibu mazao mengine yote, watu wakabaki na muhogo mchungu, wakaula pasipo kuutengeneza kwa muda unaotakiwa. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, nao hawakupona tena. Iliyowaumiza ni sumu ya muhogo, pamoja na kukosa chakula cha kujenga mwili ambacho kingeusaidia mwili kuitoa sumu ile.

Hapo ndipo ulipo upungufu mwingine wa muhogo. Katika gramu 100 za muhogo, protini haifiki gramu 2. Mtoto ashibaye muhogo mtupu kila siku ameshiba kweli, lakini mwili wake haujapata matofali ya kujengea. Bibi zetu waliijua dawa yake pasipo kupima gramu, kwa kuwa waliupika muhogo pamoja na mbaazi au kunde, wakauponda kwa mwiko, wakautia tui. Wengi pwani hukiita chakula hicho kimanga. Namna yake ni hii: kikombe 1 cha mbaazi au kunde kavu kilowekwe tangu usiku, kisha zichemshwe mpaka zilainike. Muhogo wa kiasi cha vikombe 3, uliokwisha kuchemshwa na kumwagwa maji yake, utiwe humo, pamoja na tui la nusu ya nazi, kitunguu kilichokatwa na chumvi. Moto uwe mdogo. Tui likikaribia kukauka, vipondwe pamoja. Kiasi hiki huwatosha watoto 5 au 6, na sahani ya kimanga saa 10 humfikisha mtoto hata usiku pasipo kulialia.

Kunde zenyewe zina njia nyingine, nayo ni bhajia. Kati ya vyakula vyote vya alasiri hapana kimpendezacho mtoto kuliko bhajia za kunde, na hapana kimfaacho zaidi, maana kunde kavu gramu 100 zina protini zaidi ya gramu 20. Watu wengi huzinunua, wachache huzitengeneza, kwa kudhani ni kazi ya mashine. Sivyo. Kunde hulowekwa usiku kucha. Asubuhi husuguliwa kwa viganja katika maji, maganda yakaelea, yakaengwa. Kisha hutwangwa katika kinu, au husagwa, bila ya kuongeza maji mengi, mpaka ziwe rojo zito. Hutiwa kitunguu kilichokatwa vidogo, thumu, dania, chumvi na pilipili kwa kadiri ya walaji. Rojo hilo likipigwa kwa mwiko au kwa mkono kwa dakika chache, huingia hewa, na bhajia hutoka laini. Mafuta yakipata moto, huchotwa kwa kijiko, likatiwa moja moja. Mwenye mafuta kidogo si lazima ajaze karai: apake mafuta katika kikaango cha chapati, ayabonyeze madonge yawe bapa, ayageuze upande huu na huu. Hayatakuwa duara kama ya dukani, lakini mtoto hali umbo.

Mafuta yakitumika mara moja au mbili, yachujwe na kufunikwa. Yakiwa meusi, mazito, yenye kutoa moshi na povu, mwisho wake umefika, hata kama bei yake inauma.

Pamoja na kunde liko jambo la kujua ambalo watu wengi hawakuambiwa. Kunde, mbaazi na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo hutia damu mwilini, na mtoto asiye na damu ya kutosha husinzia darasani, akapigiwa makofi ya uvivu kumbe ni mgonjwa. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Chai hukizuia. Vitamini C hukifungulia mlango. Kwa hiyo mtoto alaye bhajia za kunde na kikombe cha chai amepoteza sehemu kubwa ya faida yake, naye alaye bhajia zile zile na maji ya ndimu, maji ya ukwaju au ya ubuyu, au kipande cha embe, amepata maradufu. Hapana haja ya kuiondoa chai duniani, wala haiwezekani katika Mombasa. Yatosha isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Na ubuyu usamehewe kwa makosa ya rangi nyekundu. Mbuyu wenyewe hauna lawama. Unga mweupe uliozizunguka mbegu zake una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa la uzito ule ule. Mbegu na unga wake hulowekwa katika maji safi ya kunywa, hukorogwa, hukamuliwa na kuchujwa, hutiwa sukari kidogo na iliki moja iliyopondwa. Basi. Mama atakaye kutengeneza mabuyu ya kumumunya naye aweza: achemshe sukari na maji kidogo na iliki mpaka iwe shira nzito, aepue, aingize mabuyu, ageuze upesi mpaka yote yapakike, ayaache yakauke. Rangi haina kazi yoyote humo ila kuchafua sare. Hata hivyo hayo ni ya siku moja moja, kwa ajili ya meno, wala mtoto mdogo asipewe, maana mbegu humkaba.

Njugu nazo ni hazina. Kiganja cha njugu za kukaanga na ndizi mbivu moja ni chakula kamili cha alasiri, kisichohitaji jiko wakati ule. Ikitakiwa kashata, vikombe 2 vya njugu zilizokaangwa na kumenywa, na kikombe 1 cha sukari, vyatosha. Sukari huyeyushwa katika sufuria nzito kwa moto mdogo, ikikorogwa mpaka iwe kama asali; njugu hutiwa, hugeuzwa haraka, humwagwa juu ya sinia lililopakwa mafuta, husawazishwa na kukatwa kabla hazijaganda. Wengine huchanganya nusu njugu na nusu nazi iliyokunwa, na ladha yake huwa nzuri zaidi, ila hazikai siku nyingi. Sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko maji ya moto, kwa kuwa hugandana na ngozi. Watoto wasisogee wakati huo, hata wakiahidi kusaidia.

Juu ya njugu na mahindi lazima litajwe jambo la ukungu. Pwani ina joto na unyevu, na nafaka iliyowekwa mahali pabichi hupata ukungu uletao sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kila mara, wala kukaanga na kuchemsha hakuiondoi yote. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu wa Makueni, Kitui na wilaya jirani. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 katika hao walikufa. Basi njugu zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, zitupwe. Zisifichwe katika kashata kwa kuwa sukari itafunika ladha. Ni afadhali kununua njugu chache nzima kuliko gunia la takataka. Zihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na sakafu. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima. Apewe zilizotwangwa, ndani ya uji.

Uji haukuandikiwa wagonjwa na asubuhi peke yake. Uji wa wimbi au mtama uliotiwa kijiko kikubwa cha njugu zilizotwangwa kwa kila kikombe ni chakula kizito kabisa, na wimbi lina kalisi nyingi ya mifupa. Ukitiwa unga wa ubuyu au ndimu, utiwe uji ukiisha kuepuliwa na kupoa kidogo, maana moto mkali huiua ile vitamini C. Kwa watumiao unga wa mahindi, ifahamike kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi na wa ngano wa paketi uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Unga usagwao katika kinu cha mtaani hauna nyongeza hiyo. Si kwamba ni mbaya. Ila anayeutumia azidishe kunde, mboga na matunda.

Kuhusu viazi vitamu na boga, maneno ni machache kwa kuwa kazi ni chache. Vichemshwe kwa tui jepesi na chembe ya chumvi na iliki mpaka tui likauke, basi. Boga la manjano na viazi vya rangi ya chungwa vina kitu kigeukacho vitamini A mwilini, kwa faida ya macho na ngozi. Embe na papai vina hicho hicho. Msimu wa maembe ukifika, wakati ambapo yanaozea chini ya miembe, mzazi anunuaye juisi ya sanduku yenye picha ya embe anastahili kuonewa huruma.

Limebaki fumbo la mama asiyekuwapo nyumbani alasiri. Huyu ndiye mwenye shida kuliko wote, na mashauri mengi ya lishe humsahau. Atoka Likoni alfajiri, arudi usiku. Aweza kupika saa 11 ya asubuhi tu. Yafaa ajue ni chakula gani hustahimili joto la Mombasa hata saa 10, na kipi hakistahimili. Kitu chochote chenye tui hakistahimili. Wali wa nazi, kimanga, mbaazi za nazi na viazi vya nazi huchacha, na pengine hudhuru kabla ya kunuka. Wali mtupu nao si salama kama udhaniwavyo, kwa kuwa zimo mbegu za vijidudu zisizokufa kwa kuchemka, ambazo huamka wali ukikaa muda mrefu katika uvuguvugu. Na kuupasha moto jioni hakuiondoi sumu yake. Vilivyo vikavu hustahimili: njugu, kashata, mkate wa sinia, mahamri, visheti, mahindi makavu yaliyokaangwa. Ndizi na machungwa hujihifadhi yenyewe ndani ya maganda yake. Vikiwekwa katika chombo chenye kifuniko, au chini ya kawa, mahali pasipo mchwa wala panya, mtoto atavikuta vizima.

Mama huyo aweza kugawa juma hivi: Jumamosi akaange njugu na kufanya kashata za siku kadhaa, jioni ya Jumatatu, akipika chakula cha usiku, achome chapati za maji kwa unga, yai, maji na chumvi, ziliwe usiku ule ule, siku nyingine yawe matunda na njugu. Si lazima kila siku iwe karamu. Na baba naye ana mikono miwili. Akunaye nazi juu ya mbuzi hapungukiwi na kitu, na wengi katika wanaume wa pwani waliosafiri melini walipikia wenzao chakula kizuri kabisa, isipokuwa walipofika nyumbani walisahau.

Katika zile nyumba za vyumba vingi za Chaani, Magongo, Mishomoroni na Mtongwe, ambamo jamaa wanne au watano hupanga pamoja na kutumia ua mmoja, iko njia nyingine iliyo bora zaidi. Akina mama wachange kunde, mafuta na makaa, na yule ambaye yupo nyumbani siku ile awapikie watoto wote. Makaa yanayotosha kukaangia bhajia 10 yatosha kukaangia 40. Aliyepika apewe fungu lake la makaa au ujira kidogo, asifanywe mtumishi wa bure. Na mapatano yawekwe wazi tangu mwanzo, nani anatoa nini na siku gani, kwa kuwa ugomvi wa ua mmoja huanzia kwenye kijiko cha mafuta.

Mtoto mdogo asiachiwe kuwasha jiko. Kila mwaka mafuta ya moto huunguza watoto ambao walitaka tu kujipashia chakula. Na jiko la makaa lisiwashwe wala kuachwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hewa yake huua mtu aliyelala pasipo yeye kujua.

Vyombo pia viangaliwe. Mwezi wa Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule moja walikufa baada ya kula chakula cha mchana. Mafuta yaliyopikiwa yalikuwa yamechanganyika na dawa ya kuulia wadudu wa mashamba. Watoto waliona ladha si yake. Mpishi naye alikuwa ameona kasoro katika mafuta. Habari hii yahusu sana pwani yetu, ambako chupa tupu haitupwi, na mtungi uliochukua dawa ya kunguni au mafuta ya taa huoshwa kwa sabuni na kurudishwa jikoni. Mtungi wa namna hiyo haufai tena kwa mafuta, kwa maji, wala kwa unga. Utobolewe tundu, ili mwingine asiuokote.

Mwisho, mikono. Maji ya mfereji katika mitaa mingi huja kwa zamu, na mtungi wa lita 20 wa mkokoteni hununuliwa. Kwa hiyo maji ya kunawa huonekana kama anasa. Lakini kopo lililotobolewa tundu dogo chini na kuning'inizwa mlangoni, pamoja na kipande cha sabuni katika uzi, hutumia maji kidogo kuliko beseni moja ambalo watoto wote huchovya mikono ndani yake, wa mwisho akanawa uchafu wa wenzake. Maji ya kunywa, ya ndimu na ya ubuyu, yachemshwe au yatiwe dawa ya maji kwanza. Kunde zilizopikwa kwa uangalifu wote huu hazina faida katika tumbo la mtoto anayeharisha.

Kwa atakayeanza kesho, aanze na kunde, kwa kuwa hutakiwa kulowekwa usiku wa leo. Kikombe kimoja na nusu huwatosha watoto 4. Atakayependa kimanga anunue na nazi moja: nusu ya tui iingie katika muhogo wa alasiri, nusu ipikiwe mboga ya usiku siku ile ile, na chicha wapewe kuku.